Senti Yenye Tundu

Siku ya kwanza Dorotea aliisikia kwa mbali, ng'ambo ya mashamba ya mihogo, akadhani ni kifaranga kimepotezana na mama yake. Siku ya pili ilikuwa imesogea mpaka uwanja wa duka la Rebeka. Siku ya tatu ililia nyuma ya minyaa, kwenye mji wa shemeji yake marehemu, mahali ambapo ukirusha jiwe linaangukia uani kwake. Hapo akajua kesho ni zamu yake.

Kilichokuwa kinalia ni ditekta, mashine ya kutafutia vyuma ardhini. Ni fimbo ndefu yenye sahani ya duara mwishoni, kama mfuniko wa sufuria, na anayeishika huipitisha juu ya udongo taratibu, kama mtu anayefagia bila kugusa chini. Sahani ikipita juu ya chuma, inalia. Mwenye mashine aliitwa Yeremia, mtu wa Mabatini, zamani alikuwa anatafutia nayo dhahabu huko Geita. Sasa alikuwa anatafuta rupia za Mjerumani. Tangu isemekane kwamba watu waliochimba barabara ya kwenda darajani Kigongo waliokota rupia tatu, zina kichwa cha mzungu aliyevaa kofia yenye ndege, kila kijiji cha kando ya ziwa kilipata mtu wake anayejua sanduku limefukiwa wapi. Hizo rupia tatu hakuna aliyeziona kwa macho. Lakini Nestory, mtoto wa shemeji yake Dorotea, alikuwa tayari ameshamleta Yeremia kwa bodaboda yake, akampa chumba, na sasa walikuwa wanazunguka mji hadi mji, na nyuma yao mkia wa watu wasio na kazi.

Dorotea hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Alikuwa mjane wa mwaka wa tisa, mama wa jumuiya, mwenye rozari mfukoni na kisu cha samaki kiunoni. Kazi yake ilikuwa kununua samaki mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, na kuwakausha kwa moshi. Kuni zake zilikuwa mbao za mitumbwi iliyokufa, ambazo mafundi wa mwaloni waliziuza kwa bei ya kutupa, na majivu yake siku zote yalijaa misumari. Moshi wa mbao zile, zilizolowa mafuta na lami, ulikuwa umemtia macho mekundu miaka mingi. Zamani hilo halikuwa jambo. Watu walimwita Mama Macho ya Pilipili, naye akacheka nao.

Siku hizi alikuwa hacheki. Mwaka jana, kijiji cha tatu kutoka hapo, watoto walichimba chambo nyuma ya nyumba ya bibi mmoja mwenye macho kama yake, wakakuta fuvu la paka. Jambo dogo tu. Lakini fuvu likatembea mdomo kwa mdomo, na kila lilipofika lilikuwa limebadilika, mpaka likawa la mtoto, na bibi akawa mchawi. Baada ya wiki mbili waliingia kwa yule bibi na mapanga. Dorotea alimfahamu. Walikuwa wanauziana chumvi.

Baada ya hapo binti yake, Gladness, aliyeko mjini, alimtumia miwani ya jua. "Uivae hata kanisani, mama," alisema kwenye simu. "Padri ataelewa." Akawa anaivaa. Watoto wa kipaimara walimwita Mheshimiwa.

Sasa, uani kwa Dorotea, nyuma ya nyumba, kati ya banda la moshi na minyaa, palikuwa na shina la mchaichai. Lilikuwa kubwa, limenenepa, majani yanamwagika pande zote, na kwa miaka arobaini na saba hakuna aliyewahi kukata hata jani lake moja kutia kwenye chai. Chini ya shina lile amelala mtoto wake wa kwanza.

Alizaliwa mwaka sabini na nane, wa kike, hakulia. Katekista wa wakati ule alisema asiyebatizwa hazikwi makaburi ya kanisa, na baba mkwe naye akasema mtoto asiyepewa jina haliliwi. Basi mama mkwe akafanya kama walivyofanya wanawake wa ule mji tangu zamani. Alichukua senti kumi ya mkoloni, ile yenye tundu katikati, akapitisha waya mwembamba wa shaba kwenye tundu, akausokota mara tatu, akamfunga mtoto mkononi. Ncha ya waya akaikunja ndani. "Ili isimchome," alisema. Halafu wakachimba wawili tu, alfajiri, mama mkwe na mkunga, Dorotea akiwa mlangoni ameshikilia fremu. "Wa hivi haongelewi," mama mkwe alimwambia. "Senti itamfungulia njia. Wewe panda kitu juu, basi." Akapanda mchaichai.

Hakuongelewa. Mama mkwe alikufa, mkunga akafa, mume wake Nkwabi akafa. Kila Novemba, Padri akisoma majina ya marehemu, Dorotea aliongeza moyoni: na yule wa mchaichai. Sasa duniani alikuwa amebaki yeye peke yake anayejua, na mashine inayolia ikisikia senti.

Jioni ya siku ile ya tatu, jua likiwa bado juu ya ziwa, Nestory aliingia uani na pikipiki yake.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Hiyo pikipiki mbona inakohoa kuliko mimi?"

"Inajua inaachwa. Kesho tukipata sanduku kwako, hii naitupa ziwani, kambare waifanye nyumba."

"Kwangu kuna sanduku?"

"Yeremia anasema mji huu ndio wa zamani kuliko yote. Babu alibebea mizigo Wajerumani, si ndivyo?"

"Babu yako alibeba mizigo ya watu wote. Hakuna aliyemwachia hata kamba."

Nestory akacheka. Alikuwa kijana mwema, wa miaka thelathini na kitu, mdomo mwingi, ndiye aliyekuwa anampelekea samaki wake mnadani bila kumdai. Akachomoa ufunguo wa pikipiki akauning'iniza mbele ya macho yake.

"Ona. Leo nyuma ya ghala la mama tumepata hii tu. Yeremia anasema haina bei, ziko tele. Nimeifanya pambo la ufunguo. Mama akirudi kutoka Busisi namwonyesha."

Dorotea alishika. Ilikuwa senti kumi yenye tundu, imeota kutu ya kijani. Kwenye tundu palikuwa na waya wa shaba, umesokotwa mara tatu, na ncha yake imekunjwa ndani.

Alisikia masikio yanaziba, kama mtu aliyezama majini. Mama yake Nestory, Sabina, ndiye aliyeolewa na mdogo wake Nkwabi. Walikaa uani pamoja miaka miwili kabla ya kugawana miji. Na ulikuwapo mwaka mmoja, Dorotea akaukumbuka sasa, Sabina alikaa ndani wiki mbili, ikasemekana malaria, na tumbo alilokuwa nalo halikuulizwa tena. Hata Dorotea hakuuliza. Ndivyo walivyofundishwa wote wawili.

"Nzuri, eti?" Nestory alisema.

"Nzuri," alisema Dorotea, akairudisha haraka. "Usiipoteze."

Alipobaki peke yake alikaa kwenye kigoda akashika rozari, lakini midomo ilikuwa inasema Salamu Maria huku kichwa kinahesabu mambo mengine. Akimwambia Nestory ukweli, Nestory atamwambia Yeremia, na Yeremia si wa hapa. Akimwambia mwenyekiti, mwenyekiti atauliza shahidi. Na Sabina? Sabina aliwahi kusema kisimani, mbele ya wanawake, "Macho ya Mama Gladness siku hizi yananitisha jamani," wakacheka, naye Sabina akacheka, na Dorotea alikuwa nyuma yao na ndoo yake kichwani. Sabina akiulizwa atasema hajui. Angekuwa yeye labda naye angesema hivyo.

Ndipo akakumbuka uwanja wa Rebeka. Siku ya pili alikwenda kununua kiberiti akasimama kuangalia ile kazi, maana yeye ni mtu wa kuangalia. Mashine ililia pale kila hatua, na kila wakichimba wanakuta kizibo cha soda. Vizibo ishirini, thelathini. Mwisho Yeremia alivua visikilizio vyake masikioni akasema, "Hapa pamechafuka, hata kama kuna rupia siwezi kuisikia. Tuondoke." Wakaondoka.

Pamechafuka, wanaondoka. Dorotea aliinuka. Akachota majivu ya banda la moshi, majivu ya miezi, mazito kwa misumari ya mitumbwi, akayamwaga kuzunguka mchaichai. Akarudi akachota tena. Karai tano, sita. Akayakwangua na jembe mpaka yakaingia kwenye udongo.

"Mama Gladness," sauti ya Rebeka ilitoka upande wa pili wa minyaa, "unaulisha mchaichai misumari?"

"Majivu yanafukuza siafu."

"Siafu wenyewe wapo wapi?"

"Wakija watakuta tayari."

Rebeka aliguna akaenda zake. Dorotea hakuwa amesema uongo. Lakini hakuwa amesema yote, na alijua Padri ana jina la hilo.

Kesho yake saa nne asubuhi waliingia. Mbele Yeremia na mashine yake, visikilizio shingoni, mtu mwembamba mwenye adabu ya kibiashara. Nyuma yake Nestory na sululu. Halafu Revocatus, mwenyekiti wa kitongoji, na daftari ambalo haliandikwi kitu. Halafu Rebeka, aliyefunga duka. Halafu watu kama ishirini, wengine wa mwaloni, mmojawapo kijana aitwaye Jonathan, ambaye alikuja na panga. La kukatia mizizi, alisema.

"Mwangaluka, mama," Revocatus alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Hawa vijana wanaomba kupima eneo. Wewe unaruhusu au huruhusu? Ni mali yako, hakuna wa kukulazimisha."

Dorotea alikuwa amelala na swali hilo. Akikataa watasema anaficha. Watasema leo, na wiki ijayo watakuwa wanajua anaficha nini.

"Pimeni," alisema. "Mkichimba, mfukie."

Walianza upande wa barabarani. Mashine ikalia, wakapata ndoana. Ikalia, wakapata kufuli bila ufunguo. Ikalia tena, wakapata jembe la Nkwabi lililopotea mwaka ambao hata yeye Dorotea alikuwa ameusahau, watu wakacheka, mtu mmoja akasema, "Marehemu alisema limeibwa, akamsingizia baba yangu." Ilikuwa karibu kuwa siku nzuri. Dorotea alisimama kwenye kivuli cha banda, miwani usoni, vidole vinahesabu punje za rozari mfukoni. Sahani ikawa inakuja. Ikapita jikoni. Ikapita tangi la maji. Ikafika kwenye mchaichai, na pale ikapiga kelele ambayo haijawahi kusikika siku zote nne.

Yeremia aliruka nyuma kama aliyeungua. Akarudi. Kelele ile ile, mfululizo, haikatiki. Dorotea alisubiri aseme pamechafuka.

Yeremia alivua visikilizio, akamwangalia Nestory. Alipoongea sauti ilikuwa ya chini.

"Chuma kingi. Kingi sana, mahali pamoja. Hili ni sanduku."

Basi hapo Dorotea akaliona kosa lake lote. Dukani kwa Rebeka uchafu ni kitu cha kutarajiwa. Lakini nyuma ya nyumba ya mjane, chini ya shina moja la mchaichai, chuma kikilia namna ile, nani atasema ni takataka? Yeye mwenyewe, kwa mikono yake, ndiye aliyewaonyesha pa kuchimba.

"Hapo ni majivu," alisema. "Majivu ya mbao za mitumbwi. Yana misumari."

"Tutaona, mama mkubwa," alisema Nestory, macho yanang'aa, akainua sululu.

Walikwangua. Misumari ilitoka kweli, viganja na viganja, imeota kutu. Watu wakaanza kuguna, wengine kucheka. Rebeka alikunja mikono. "Jana jioni nilimwona anayamwaga," alisema, si kwa ubaya, kama mtu anayetoa tu habari. "Karai sita. Nikajiuliza."

Kicheko kikapungua. Revocatus alimgeukia Dorotea taratibu. "Uliyamwaga jana, mama?"

"Niliyamwaga."

"Na ulijua leo tunakuja."

Yeremia alikuwa amesafisha majivu yote mpaka udongo mwekundu, na sasa akarudisha sahani, kwa subira, kidogo kidogo. Mashine ilinyamaza. Halafu, karibu na mizizi, ikatoa sauti moja ndogo, laini, kama kifaranga. Ikanyamaza. Ikatoa tena palepale.

"Chini ya kelele kuna sauti nyingine," alisema Yeremia. "Hiki si chuma cha kutu. Hii ni senti." Akamwangalia mjane wa watu kwa heshima mpya, ya mtu aliyekutana na mwenzake kazini. "Mama, ulitaka kutuficha, eh?"

Jonathan alilihamisha panga kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Pengine mkono ulichoka. Dorotea aliliona likihama.

Nestory akainua sululu.

Dorotea alitembea. Hakukimbia, magoti yasingekubali. Alipita kati ya watu, akaingia kwenye kile kishimo na ndala zake, akakaa chini juu ya udongo mwekundu, miguu imenyooshwa kama mwanamke anayechambua mchele. Sululu ikabaki hewani.

"Mama mkubwa, toka, nitakuumiza."

"Shusha kwanza hicho kitu."

Akaishusha. Dorotea akavua miwani, akaikunja, akaiweka mapajani. Waache wayaangalie hayo macho, aliwaza, maana nikiyaficha leo itakuwa ni jambo jingine la kuficha. Watu waliokuwa mbele walirudi hatua moja. Alisikia ndala zao.

"Hapa amelala mtoto wangu," alisema. "Wa kwanza. Alizaliwa mwaka sabini na nane, hakulia. Mama mkwe alimfunga senti mkononi akamzika hapa. Hiyo senti ndiyo mashine inayoisikia. Sikutaka mumfukue, ndiyo maana nikamwaga majivu. Hayo ndiyo yote."

Ng'ombe wa mtu walipita barabarani, kengele zao zikasikika mpaka zikaisha.

"Mtoto gani anazikwa uani kama paka?" sauti ya mwanaume ilisema kutoka nyuma.

Lile neno, paka, lilifanya kazi yake. Dorotea aliliona linapita usoni kwa mmoja, kwa mwingine, kila mmoja akikumbuka kijiji cha tatu na bibi wa chumvi. Mama mmoja alimshika mtoto wake akamrudisha nyuma ya sketi. Revocatus alifungua daftari akalifunga.

"Shahidi wako nani, mama?"

"Mama mkwe. Mkunga. Baba Gladness."

"Wote hao wamelala."

"Wamelala."

"Basi kwa leo huna shahidi," alisema Revocatus, na alilisema kwa huzuni, na hiyo huzuni ndiyo iliyomtisha Dorotea kuliko kitu chochote asubuhi ile. Ilikuwa huzuni ya mtu anayejitoa.

Wakati huo huo bodaboda ilisimama barabarani, na Sabina akashuka, na kapu lake na kanga ya safari, ametoka Busisi. Aliona umati, akaja moja kwa moja. Watu walimpisha. Akamwona mke wa shemeji yake amekaa shimoni bila miwani, na mwanawe amesimama juu yake na sululu.

"Kuna nini hapa?"

Dorotea alimwangalia. Angeweza kumtaja. Jina lilikuwa mdomoni tayari. Lakini kumtaja ni kumvuta naye shimoni kwa nguvu, na mtu anayevutwa hukana. Akamgeukia Nestory.

"Toa ufunguo wa pikipiki," alisema.

"Ufunguo? Wa nini?"

"Toa, mwanangu. Waonyeshe watu hiyo senti. Waambie waangalie waya. Umesokotwa mara tatu, na ncha imekunjwa ndani. Hii ya hapa nayo ni hivyo hivyo, aliyezifunga ni mkono mmoja. Mkitaka kuhakikisha, chimbeni. Ila mjue mnafukua kaburi."

Nestory aliutoa ufunguo. Revocatus akaushika, akauangalia, akampa Yeremia, naye akauangalia.

"Mara tatu," alisema Yeremia. "Na ncha, ndiyo."

"Lakini mama mkubwa," Nestory alisema, akitabasamu nusu, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mzee, "hii hatukuitoa hapa. Hii tumeitoa kwetu. Nyuma ya ghala la mama."

Vichwa vikageuka, kimoja kimoja, kumwelekea Sabina.

Sabina alikuwa amesimama, kapu mkononi. Macho yake na yeye hayakuwa meupe, alikuwa anapikia kuni kama wanawake wote. Dorotea alimwona anapima. Aliona umbali kutoka pale aliposimama mpaka barabarani, na bodaboda bado inanguruma, na neno moja tu la kusema: sijui. Kwa neno hilo Sabina angerudi nyumbani salama, na Dorotea angebaki pale alipo. Dorotea aliacha kuhesabu punje. Akafumba macho.

"Nipe niione," Sabina alisema.

Mwanawe akaichukua kwa Yeremia, akampa. Aliweka kapu chini ndipo akaishika, kwa vidole viwili, akapapasa waya mpaka mwisho.

"Aliikunja ili isimchome," alisema.

Alisema kwa sauti ya chini hata walio nyuma wakaulizana amesema nini. Kisha akamwangalia Nestory.

"Kulikuwa na nini kingine?"

"Wapi, mama?"

"Hapo ulipoitoa."

"Hakuna kitu. Udongo. Vijifupa vya kuku, tukavifukia tena..." Nestory alisikia kinywa chake mwenyewe. Sululu ikamtoka mkononi, ikaanguka juu ya misumari. Alitazama viganja vyake, mbele na nyuma, halafu akavifuta kwenye suruali, akaendelea kuvifuta.

"Alikutangulia," Sabina alimwambia. "Wa kiume. Nilimbeba mikononi siku mbili." Akaingia shimoni na kanga yake ya safari, akakaa kando ya Dorotea, bega kwa bega. "Mwenyekiti, andika," alisema Sabina. "Shahidi ni mimi."

Revocatus kwa mara ya kwanza aliandika.

Yeremia alibonyeza kitu kwenye fimbo, mashine ikatoa mlio mdogo wa kuzimika. "Mimi makaburi sichimbi," alisema. "Ningejua na lile nisingelichimba." Akaanza kukunja waya zake, mgongo kwa watu. Revocatus akaamuru majivu yarudishwe, yakarudishwa, na misumari yake.

Watu wakaondoka. Dorotea aliangalia wanavyoondoka. Wanne walimuaga. Mmoja, mzee wa Kanisa, alivua kofia mbele ya mchaichai. Wengine walitoka kimya, na walipofika barabarani ndipo maongezi yakaanza, na ukiwa mbali huwezi kujua wanachosema. Jonathan alikuwa wa mwisho. Panga lake halikuwa limekata mzizi hata mmoja. Alipofika kwenye minyaa aligeuka akaangalia nyuma, si kwa Dorotea, kwa nyumba: mlango, dirisha, mlango wa nyuma.

Walibaki watatu. Sabina alikuwa bado ameshika senti.

"Nataka kumrudishia," alisema. "Leo hii. Siwezi kulala nayo."

"Twende."

"Vikongwe wawili na jembe, Mama Gladness. Watu watatuonaje?"

Dorotea alikuwa ameshaliwaza hilo. Wakingoja giza hawataonekana, na hicho ndicho kibaya. "Jembe atabeba Nestory," alisema. "Na hatupiti kwenye minyaa. Tunazunguka barabarani, katikati, jua likiwa hivi hivi. Kila mlango tunasalimia. Na hatuondoki mlangoni mpaka tumeitikiwa."

Wakatoka. Nestory mbele, jembe begani. Miwani Dorotea aliiacha juu ya tangi la maji.

Kwenye duka la Rebeka walisimama. "Mwadila, Rebeka," Dorotea aliita, salamu ya mchana. Rebeka alikuwa anapanga sabuni ambazo zilikuwa zimepangika. "Mwadila," alijibu mwisho, kisha, bila kuinua macho, "poleni." Wakaenda. Nyumba ya pili waliitikia watoto. Ya tatu mlango ulikuwa wazi lakini hakuna sauti, wakasimama mpaka bibi mmoja akakohoa ndani akasema mwadila.

Nyumba ya nne ni ya kina Jonathan. Alikuwa ameketi kizingitini, panga kwenye magoti, jiwe la kunolea mkononi. Huenda alikuwa analinoa kila siku saa hizo. Dorotea hakuwahi kupita saa hizo akaona.

"Mwadila, mwanangu."

Jiwe lilikwenda, likarudi.

Walisimama. Jua liliwachoma visogo. Sabina alimshika Dorotea kiwiko, akitaka waende, Dorotea hakuenda. Alisali bila kufungua mdomo, macho yake mekundu yamefunguka wazi, yanamtazama kijana yule kama unavyomtazama mtoto wa jirani. Nestory alishusha jembe begani, akaliegemea.

"Umesalimiwa, Jonathan," alisema. "Na mama zangu."

Jiwe likasimama.

"Mwadila," Jonathan aliuambia udongo.

Dorotea aliitikia, akashukuru, wakaendelea kuelekea ghalani. Nyuma yao, kabla hawajafika kwenye kona, alisikia jiwe limeanza tena. Hakugeuka. Zilikuwa zimebaki nyumba tatu.